Jamsetji Tata: Tajiri wa Pamba Aliyetaka Chuma

Tarehe 2 Januari 1919, Lord Chelmsford, aliyekuwa akiitawala India kwa niaba ya Mfalme wa Uingereza, alifika Sakchi, mji wa kiwanda uliochomoza katikati ya misitu ya mashariki mwa India. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekoma majuma machache nyuma. Mbele ya wenyeji wake alikiri kwamba hawezi kufikiria serikali yake ingefanyaje miaka ile minne kama kiwanda hicho kisingeipatia reli za chuma, si kwa ajili ya Mesopotamia peke yake bali kwa Misri, Palestina na Afrika Mashariki pia. Wakati huo Sakchi ikapewa jina jipya: Jamshedpur, mji wa Jamshed.

Msomaji wa huku kwetu ana sababu ya kusimama kidogo hapo panapotajwa Afrika Mashariki. Vita ile ndiyo iliyopita Taveta, Kilimanjaro na Rufiji. Ndiyo iliyowamaliza wapagazi wa Kariakoo kwa maelfu, na ndiyo iliyowafanya Waingereza watandike reli mbiombio kutoka Voi kuelekea Taveta. Chuma cha India kilikuwa na sehemu yake katika mambo hayo. Lakini mtu aliyekiota chuma hicho hakuyaona. Jamsetji Nusserwanji Tata alifariki mwaka 1904, miaka 3 kabla kampuni ya chuma haijaundwa na miaka 8 kabla mkuo wa kwanza haujatoka kiwandani.

Habari zake husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu mwema aliyejaliwa mali akaigawa. Wema ulikuwepo, na utaonekana. Ila kisa hicho kinaacha jambo zito. Fedha za Tata zilipatikana kupitia milango ambayo dola ya Kiingereza yenyewe iliifungua: vita, pamba na afyuni. Na alizitumia fedha hizo kujenga hasa vitu ambavyo dola hiyo haikuwa na haraka ya kuviona mikononi mwa Wahindi. Ukiyasoma mambo haya mawili mbali mbali, humwelewi.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1839 Navsari, mji mdogo wa Gujarat, katika ukoo wa makuhani wa Kiparsi. Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zoroaster ambao wazee wao walihama Uajemi karne nyingi zilizopita wakapata hifadhi katika pwani ya magharibi ya India. Ni jamii ndogo, lakini biashara iliisambaza mbali. Zanzibar nako walikuwako, na mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ni mtoto wa Waparsi waliotoka Bulsar, si mbali na Navsari.

Kwa mila, mtoto wa kuhani alirithi ukuhani. Baba yake Jamsetji, Nusserwanji, ndiye wa kwanza katika ukoo kuuacha. Alikwenda Bombay kufanya biashara, na mwanawe alipofika umri wa miaka 14 akamwita huko. Kijana akaingia Chuo cha Elphinstone, akahitimu mwaka 1858. Huo ulikuwa mwaka mgumu. Maasi makubwa ya 1857 yalikuwa yamezimwa kwa damu, Kampuni ya East India ilikuwa imenyang'anywa utawala, na India ikawekwa moja kwa moja chini ya Malkia. Jamsetji alianza utu uzima wake pamoja na utawala huo mpya, na hakuishi nje ya kivuli chake hata siku moja.

Mwaka 1859 baba yake alimtuma Hong Kong. Kampuni ya familia ilikuwa ikipeleka huko pamba na afyuni, na kurudi na chai, hariri, kafuri, mdalasini na shaba. Hapana haja ya kulipitisha neno afyuni kimyakimya. China ilikuwa imepigwa vita mara mbili na Waingereza, na vita hivyo vilihusu pamoja na mengine biashara hiyo, na wafanyabiashara wengi wa Bombay, Waparsi wakiwa mstari wa mbele, walitajirika kwa kuwauzia Wachina sumu iliyolimwa India chini ya macho ya serikali. Familia ya Tata ilikuwamo. Mwaka 1887, jamaa yake na mshirika wake wa biashara, Ratanji Dadabhoy Tata, alikuwa bado miongoni mwa wafanyabiashara wa afyuni walioliandikia malalamiko baraza la kutunga sheria la Hong Kong.

Kisha ikaja vita ya mbali iliyogusa Bombay na Zanzibar kwa pamoja. Mwaka 1861 Wamarekani walianza kupigana wao kwa wao, na pamba ya majimbo ya kusini ikakwama bandarini. Zanzibar ilikosa merikani, ile nguo ngumu isiyotiwa rangi iliyotoka Massachusetts na kutumika kama fedha katika misafara ya bara. Bombay nayo ikafurika fedha, kwa sababu viwanda vya Lancashire vilivyozoea pamba ya Marekani sasa vilinunua ya India kwa bei yoyote. Benki zilifunguliwa kila kona. Kampuni za kufukia bahari na kuuza viwanja ziliuza hisa kwa watu ambao hata viwanja hivyo hawakuviona. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Premchand Roychand, mfalme wa soko la pamba na hisa, na familia ya Tata ilifanya naye kazi.

Jamsetji akatumwa London kuanzisha benki ya Wahindi. Akiwa huko, vita ya Marekani ikaisha mwaka 1865 na bei ya pamba ikaporomoka. Bombay ikafilisika karibu kwa mkupuo mmoja. Hati za fedha alizokuwa nazo hazikuwa na thamani tena, na wadai walimzunguka. Hakukimbia. Aliwaendea mmoja mmoja, akawaeleza hali ilivyo, na aliwatuliza kiasi kwamba wao wenyewe walimweka kuwa mfilisi wa kampuni yake kwa mshahara wa pauni 20 kwa mwezi. Alikuwa bado hajafika miaka 30. Mimi naamini kipindi hiki cha London kilimjenga kuliko chuo, kwa kuwa alijifunza hesabu za kufilisika kabla hajajifunza hesabu za faida, na katika kazi zake zote za baadaye alikuwa mtu wa kupima kwanza, kisha kutoa mtaji.

Kilichoiinua tena familia ni vita nyingine, na hii ilipiganwa Afrika. Mfalme Tewodros wa Uhabeshi alikuwa amewafunga Wazungu kadhaa, miongoni mwao mjumbe wa Malkia Victoria. Mwishoni mwa 1867 jeshi la Jenerali Robert Napier lilisafiri kutoka Bombay hadi Zula, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, likiwa na wanajeshi wapatao 13,000, maelfu ya wanyama wa mizigo na tembo 44 wa kuvuta mizinga. Jeshi kama hilo linakula. Nusserwanji na wenzake walipata mkataba wa kulilisha, na vifaa viliagizwa kwa makadirio ya vita ndefu. Tewodros alijiua Magdala mwezi Aprili 1868, vita ikaisha mapema, na kundi hilo la wafanyabiashara likabaki na faida inayotajwa kuwa rupia laki 40. Hazina ya Magdala iliporwa, na maandiko na vitu vitakatifu vya Kanisa la Uhabeshi hadi leo vimo katika maktaba na makumbusho ya Uingereza. Sehemu ya fedha za vita hiyo ilirudi Bombay, ikalipa madeni ya Tata.

Mwaka huohuo wa 1868, Jamsetji akiwa na miaka 29, alifungua kampuni yake mwenyewe kwa mtaji wa rupia 21,000. Kundi la kampuni za Tata huhesabu umri wake kuanzia hapo.

Mwaka 1869 alinunua kinu cha mafuta kilichofilisika huko Chinchpokli, Bombay, akakigeuza kuwa kiwanda cha pamba, akakiuza kwa faida baada ya miaka miwili. Kisha akasafiri Lancashire kuona jinsi mabingwa wa kazi hiyo wanavyofanya. Aliporudi akafanya jambo lililowashangaza wenzake. Badala ya kujenga Bombay, ambako viwanda vyote vilikuwako, alikwenda Nagpur, katikati ya nchi. Sababu zake zilikuwa tatu na zote zilipimika: pamba ililimwa karibu, reli ilifika, na makaa ya mawe ya Warora hayakuwa mbali. Eneo alilopata lilikuwa bwawa la matope lililohitaji kufukiwa. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja wa kukopesha fedha alikataa kumpa mtaji kwa sababu hakutaka dhahabu yake ifukiwe ardhini, na kwamba miaka ya baadaye alikubali kuwa Tata alifukia udongo akafukua dhahabu.

Kiwanda kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1877, siku ambayo Victoria alitangazwa kuwa Malkia Mkuu wa India, na Tata akakipa jina la Empress kwa heshima yake. Hapo pana sura kamili ya mtu huyu. Alikuwa mtiifu kwa taji, na wakati huohuo alikuwa rafiki wa Dadabhai Naoroji, yule aliyefanya hesabu kuonyesha jinsi Uingereza inavyofyonza utajiri wa India, na wa Pherozeshah Mehta, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa Chama cha Congress.

Meneja wa Empress, Bezonji Mehta, alitoka kwenye kampuni ya reli na hakujua lolote kuhusu nguo. Tata alimtaka kwa sababu alijua kupanga kazi. Wawili hao walijaribu mashine mpya za kusokota kwa pete wakati viwanda vingi vya Lancashire vilikuwa bado vinazitilia shaka. Waliweka mitambo ya kuongeza unyevu hewani ili uzi usikatike wakati wa kiangazi, na mabomba ya kunyunyiza maji moto ukizuka. Wafanyakazi, waliokuwa wamezoea kazi ya shamba yenye misimu, hawakuja kila siku, na Tata akatafuta namna ya kuwafanya wabaki. Mwaka 1886 kiwanda kilianzisha mfuko wa pensheni, na mwaka 1895 kikaanza kulipa fidia kwa walioumia kazini. Sheria ya India wakati ule haikumlazimisha mwenye kiwanda kufanya hata moja kati ya hayo.

Nguo za Bombay zilipata soko mbali. Kufikia mwisho wa karne ya 19, viwanda vya mji huo vilikuwa vimechukua sehemu kubwa ya soko la nguo nzito zisizotiwa rangi katika pwani ya Afrika Mashariki, mahali palepale ambapo merikani ilitawala. Wahindi wenye maduka Zanzibar, Bagamoyo na Mombasa ndio waliozipitisha. Lancashire haikufurahi. Mwaka 1896 serikali ya India, kwa msukumo wa wenye viwanda wa Uingereza, ilitoza kodi ya asilimia 3.5 kwa nguo zilizotengenezwa ndani ya India yenyewe ili zisiwe nafuu kuliko za Manchester. Kodi hiyo haikuondolewa hadi miaka ya 1920. Tata aliipinga kwa maandishi yenye takwimu, na hakusikilizwa.

Alishindwa pia baharini. Kampuni za meli za Ulaya, P&O ikiongoza, zilikuwa zimeafikiana nauli kubwa ya kusafirisha uzi kutoka Bombay kwenda China na Japani. Katika miaka ya 1890 Tata alishirikiana na kampuni ya Kijapani ya Nippon Yusen Kaisha na kuanzisha njia yake. P&O na wenzake wakashusha nauli hadi mahali ambapo hakuna mgeni angeweza kuishi, wafanyabiashara wa Bombay wakakimbilia unafuu huo, na meli za Tata zikasimama. Wajapani waliendelea, kwani walikuwa na serikali nyuma yao. Tata hakuwa na serikali nyuma yake. Tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu nini kiliipata Japani na nini kiliipata India katika karne ya ishirini.

Sasa tuje kwenye utoaji wake, maana hapo ndipo alipowaacha mbali matajiri wa zama zake.

Bombay haikuwa na uhaba wa watoaji. Jamsetjee Jejeebhoy, Mparsi mwingine aliyetajirika kwa biashara ya China, alikuwa amejenga hospitali na shule. David Sassoon, Myahudi kutoka Baghdad, aliacha maktaba na sinagogi. Sadaka zao ziliwafikia wagonjwa, yatima na maskini wa jamii zao na wengine. Tata hakuidharau sadaka ya namna hiyo, lakini aliona kwamba inayopungua nchini ni elimu ya juu na ufundi wa juu, na kwamba kumnyanyua kijana mmoja mwenye kipaji hadi mwisho wa uwezo wake kungeleta faida kwa maelfu. Mwaka 1892 alianzisha mfuko wa kuwasomesha Wahindi ng'ambo. Fedha zilitolewa kama mkopo. Aliyefaulu na kupata kazi alirudisha, na mwingine akasoma kwa fedha zilezile. Mwanzoni ulikuwa wa Waparsi, na mwaka 1894 ukafunguliwa kwa Wahindi wa dini zote. Kati ya waliofaidika nao ni K. R. Narayanan, mtoto wa familia maskini ya tabaka lililotengwa huko Kerala, aliyekwenda kusoma London mwaka 1945 na mwaka 1997 akawa Rais wa India.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa chuo cha sayansi. Mwaka 1893 Tata alisafiri kutoka Yokohama kwenda Vancouver katika meli moja na mtawa kijana wa Kihindu, Swami Vivekananda, aliyekuwa akielekea Chicago kwenye mkutano wa dini za ulimwengu. Walizungumza njiani. Miaka mitano baadaye, Novemba 1898, Tata alimwandikia barua akimkumbusha mazungumzo hayo na kumwomba auunge mkono mpango wake: kuwa na taasisi ya utafiti ambamo watu wenye moyo wa kujinyima wangejitoa kwa sayansi kama watawa wanavyojitoa kwa dini. Wakati huo alikuwa amekwisha kumtuma msaidizi wake, Burjorji Padshah, kuzunguka Ulaya kuchunguza jinsi vyuo vinavyoendeshwa.

Kwa ajili ya taasisi hiyo alitenga majengo 14 na viwanja 4 vya Bombay, mali ya takriban rupia laki 30. Inahesabiwa kuwa ilikuwa karibu nusu ya alichokuwa nacho. Lord Curzon alipofika Bombay tarehe 30 Desemba 1898 kuanza utawala wake, kesho yake tu ujumbe wa taasisi ukawa mbele yake. Curzon aliuliza maswali mawili: wanafunzi wenye sifa za kuingia humo watatoka wapi, na wakimaliza watapata kazi gani? Kwa mtawala lilikuwa jambo la busara kuuliza, ila majibu yote mawili yalikuwa mikononi mwa serikali yake. Nchi isiyo na vyuo haiwezi kuwa na wanafunzi wa kutosha, na nchi isiyo na viwanda haiwezi kuwa na kazi kwa wanasayansi.

Mpango ulikwenda na kurudi kwa miaka. Mwanakemia William Ramsay aliitwa kutoka London kutoa ushauri, akapendekeza Bangalore. Dola ya Mysore ikatoa ekari 371. Kamati nyingine ikaundwa kupitia ushauri wa Ramsay. Tata akafa bila kuona jiwe la msingi, lakini wanawe waliheshimu ahadi yake, na mwaka 1909 serikali ikaidhinisha Taasisi ya Sayansi ya India. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1911. Mwaka 1933 C. V. Raman, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia, akawa mkurugenzi wake wa kwanza Mhindi, na Homi Bhabha, atakayeanzisha mpango wa nyuklia wa India, alifanya kazi humo wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Taasisi hiyo haina jina la Tata. Yeye ndiye aliyetaka hivyo, kwa sababu alitumaini kwamba wengine nao wangetoa iwapo hawatakuwa wanajenga sifa ya mtu mwingine. Hata hivyo madereva wa Bangalore waliendelea kuiita Taasisi ya Tata.

Chuma kilimchukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 1882 alisoma ripoti ya mwanajiolojia Mjerumani, Ritter von Schwartz, kuhusu madini ya chuma katika wilaya ya Chanda. Alipeleka sampuli kupimwa, akakuta makaa ya karibu hayafai na masharti ya serikali ya kuchimba madini hayabebeki. Akaliweka jambo hilo kando bila kuliacha. Mwaka 1899 Curzon alipolegeza sheria za madini, Tata, akiwa na miaka 60 na afya inayodhoofika, akaanza upya.

Mwaka 1902 alikwenda Marekani. Alitembelea Cleveland, Pittsburgh na Birmingham ya Alabama, mji wa chuma wa Kusini, akiuliza maswali ya fundi. Julian Kennedy, mhandisi mkubwa wa Pittsburgh, alimweleza kwamba utafiti wa kitaalamu ungemgharimu sana na pengine usizae kitu, kisha akampeleka kwa mtu mmoja wa New York, Charles Page Perin. Tata aliingia ofisini kwa Perin bila miadi, akamwambia anataka aje India kutafuta chuma na makaa na kujenga kiwanda. Perin akakubali.

Kutoka safarini humo, miaka mitano kabla mahali pa kujenga hapajulikani, alimwandikia mwanawe Dorabji jinsi mji wa wafanyakazi utakavyokuwa: barabara pana zenye miti ya kivuli, na miti yenyewe iwe ya kukua haraka, bustani za kutosha, viwanja vikubwa vya mpira na hoki, na maeneo kwa mahekalu ya Wahindu, misikiti na makanisa. Katika barua zote zinazojulikana za matajiri wa karne ile, sijui nyingine inayomwonyesha mwandishi wake vizuri kuliko hii. Mtu ambaye hajapata hata tani moja ya madini ameshafikiria kivuli cha mfanyakazi anayetembea kwenda kazini.

Kazi ya porini ilifanywa na Dorabji pamoja na mwanajiolojia wa Perin, C. M. Weld, wakisafiri kwa mikokoteni ya ng'ombe. Chanda haikufaa. Walipata milima ya Dhalli na Rajhara, yenye chuma kizuri kisicho na makaa wala maji karibu. Jibu lilitoka kwa Mhindi, P. N. Bose, mwanajiolojia aliyestaafu kazi ya serikali, aliyemwandikia Jamsetji mwezi Februari 1904 kuhusu madini ya Mayurbhanj. Milima ya Gorumahisani ilikuwa na chuma tele, makaa ya Jharia hayakuwa mbali, na mahali ilipokutana mito ya Kharkai na Subarnarekha, karibu na kijiji cha Sakchi, palikuwa na maji na reli.

Mahali hapo palipopatikana, Jamsetji alikuwa amekwisha kufariki. Moyo wake ulikuwa ukimsumbua. Alikwenda kutibiwa Ujerumani, akafia Bad Nauheim tarehe 19 Mei 1904, akiwa na miaka 65, akazikwa katika makaburi ya Brookwood, Uingereza. Katika ndoto zake kubwa aliishuhudia moja tu ikikamilika, Hoteli ya Taj Mahal iliyofunguliwa Bombay Desemba 1903 ikiwa na wageni 17, na yenye taa za umeme kabla ya majengo mengine ya mji. Mpango wake wa nne, kuvuna mvua za milima ya Ghats kuzalisha umeme kwa viwanda vya Bombay, ulianza kazi mwaka 1915.

London ilikataa kuikopesha kampuni ya chuma. Mwaka 1907 Dorabji na Padshah wakageukia Wahindi wenyewe. Harakati za Swadeshi, za kununua cha nyumbani na kususia cha Uingereza, zilikuwa zimewaka tangu Bengal ilipogawanywa mwaka 1905. Watu walijaa katika ofisi za Tata kuanzia asubuhi mpaka usiku, matajiri na wenye akiba ndogo, na katika majuma matatu Wahindi wapatao 8,000 walikuwa wamenunua hisa za pauni 1,630,000. Mkuu wa reli za India, Sir Frederick Upcott, alikuwa ameahidi kula kila ratili ya reli ambayo Tata angefaulu kuitengeneza kwa viwango vya Uingereza. Chuma cha kwanza kilitoka tarehe 16 Februari 1912, na katika vita iliyofuata kiwanda kikatoa reli za maili 1,500 kwa majeshi ya Uingereza.

Hesabu ya maisha haya ina upande mwingine pia. Sakchi haikuwa ardhi tupu. Waho, Wasantal na jamii nyingine za wenyeji wa asili waliishi na kulima humo. Walipoteza ardhi na msitu, na wengi wakarudi kwenye ardhi hiyo hiyo kama vibarua wa kubeba mawe na makaa, wanaume kwa wanawake. Kiwanda kilianza saa 8 za kazi mwaka 1912, jambo la nadra duniani wakati ule, lakini mwaka 1920 wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara na polisi wakawafyatulia risasi na kuua. Migomo ilirudi 1922 na 1928. Miti ya kivuli ilipandwa kweli, na chini ya miti hiyo watu walidai haki zao.

Wanawe nao walitoa. Ratan, mdogo, alimpelekea Gandhi rupia 25,000 mwaka 1909 kwa ajili ya mapambano ya Wahindi wa Afrika Kusini, na aliongeza baadaye. Ndugu hao wawili waliacha karibu mali yao yote kwa mifuko ya wakfu, Ratan alipofariki 1918 na Dorabji 1932, na mifuko hiyo leo inamiliki takriban theluthi mbili za kampuni mama ya Tata. Kwa hiyo sehemu ya faida ya kundi hilo, yakiwemo magari yake yanayoonekana katika barabara zetu na magadi ya Ziwa Magadi huko Kenya, hurudi kwenye hospitali na vyuo vya India. Mwaka 2021 orodha ya Hurun ilimtaja Jamsetji kuwa mtoaji mkubwa kuliko wote wa miaka mia, kwa dola bilioni 102. Tarakimu hiyo imekuzwa na thamani ya hisa baada ya karne nzima. Rupia laki 30 za mwaka 1898, zilizotolewa na mtu aliyekuwa bado hajui kama serikali itamkubalia, zinapima ukarimu wake vizuri zaidi.

Pwani yetu nayo ilikuwa na watu wa kizazi chake. Hospitali ya Muhimbili ina chimbuko katika sadaka ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897, na shule yenye jina la Allidina Visram inasimama Mombasa tangu 1923. Majina yao yanajulikana, lakini ni wachache wanaojua walipataje mali hiyo, ni nani waliobeba pembe na vitambaa vyao katika misafara, na waliamuaje nini cha kutoa. Kumbukumbu za biashara hiyo zimo Zanzibar, Dar es Salaam, Nairobi na katika familia zenyewe. Wanaofundisha historia katika vyuo vyetu wawape wanafunzi wao kazi ya kuziandika habari hizo, upande wa mapato na upande wa sadaka katika kitabu kimoja.